Msiba Haumo Kwenye Orodha

"Thelathini na sita! Maturubai thelathini na sita yamelala ghalani kama ng'ombe walioshiba, na wewe unasimama mlangoni kwangu kuniambia hayatoki?"

"Sijasema hayatoki, Ghazanfar. Nimesema yatachelewa."

"Mpaka lini?"

Rafaqat alimeza mate. "Keshokutwa."

"Keshokutwa!" Ghazanfar akaugeukia uchochoro, maana uchochoro mzima ulikuwa umekwisha toka nje, wengine na miswaki midomoni. "Mmesikia, jamani? Baba namzika leo alasiri, turubai linakuja keshokutwa! Au nimwamshe mzee nimwambie asogeze siku kidogo, munshi hajawa tayari?"

"Kaka, usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Leo ndiyo nimejua nimepakana ukuta na nani."

Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi ya katikati ya Juni, na jua la mji wa Gujranwala, Pakistani, lilikuwa limeshaanza kuuma shingo. Mzee Inayatullah, fundi wa kukereza vyuma, alikata roho alfajiri, baada tu ya kusali. Ndani wanawake walikuwa wanalia. Nje watu walianza kufika kutoka miji ya jirani, Wazirabad na Daska, wakabanana kwenye kipande cha kivuli chenye upana wa ubao, na kila aliyefika alitupa jicho juu kutafuta turubai, kisha akalitua kwa Rafaqat.

Kwa sababu Rafaqat ndiye aliyekuwa munshi, mtunza ghala, wa Chaudhry Nazir na Wanawe, wakodishaji wa maturubai, viti na vyombo vya shughuli. Miaka ishirini na miwili. Na nyumba yake na ya marehemu zilipakana ukuta mmoja, jambo ambalo mtaani kwao lina uzito wake: nyumba iliyofiwa haiwashi jiko siku tatu, na chakula cha kwanza, kile wanachokula watu wakitoka makaburini, hupikwa na jirani wa ukuta. Zamu ilikuwa yake. Tena tangu Chaudhry Nazir afungue duka, majamvi, turubai na masufuria ya msiba hayakuwahi kulipiwa hata rupia moja. Ukifiwa, unatuma mkokoteni, na munshi anafungua ghala hata kama ana povu la sabuni usoni. Ndiyo maana harusi zote za mtaa, bila watu kuulizana, zilikuwa za Chaudhry Nazir.

Leo mkokoteni wa Ghazanfar ulikuwa umekwenda na kurudi mtupu.

Shamshad, mkewe Rafaqat, alimvuta kwa mkono wa shati mpaka ndani.

"Masufuria yako wapi?"

"Yanakuja."

"Yanakuja na miguu yao? Baba Nimra, nisikilize. Mimi nina sufuria la watu wanane na jingine la kuazima lenye tundu. Watu watakuwa mia mbili. Dengu nimeloweka, mchele umefika. Nipike kwenye beseni la kufulia?"

"Programu haina msiba."

"Haina nini?"

"Msiba. Kwanza unachagua aina ya shughuli. Kuna hina, kuna harusi, kuna karamu ya bwana harusi, kuna bethidei, kuna mkutano. Msiba haumo kwenye orodha. Na ghala halifunguki mpaka uchague."

Shamshad alimtazama kama mtu anayetazama mayai yaliyopasukia kapuni. "Kwani hao walioitengeneza, kwao hawafi?"

Jibu Rafaqat alikuwa nalo, ila halikuwa la kumwambia mke.

Miezi minne nyuma Chaudhry Nazir alipatwa na kiharusi kilichomnyang'anya kauli, na Haroon, mwanawe, akaziunganisha kampuni tano za maturubai za mjini kuwa moja. Ghala moja kule baipasi, na programu moja kwa matawi yote, iliyokuja kuanza kazi mwezi huu. Wakaja vijana wawili kutoka Lahore, wapole, wenye mashati yaliyopigwa pasi, wakakaa na Rafaqat siku mbili wakila sambusa zake. "Munshi, tutajie shughuli zote mnazohudumia. Zote, tafadhali. Kisichotajwa leo hakitakuwemo."

Alizitaja. Alipoufikia msiba akainua macho, akaona taji za maua ya manjano kwenye mlango mpya wa ofisi, akaona sinia la peremende, akamwona mama yake Haroon amekaa na tasbihi anaiombea ofisi baraka. Ulimi ukagoma. Nani anataja kifo siku ya kufungua duka? Tena, alijiambia, msiba si biashara, hata kwenye daftari la Chaudhry Nazir haukuwahi kuandikwa. Kisicholipiwa kiandikwe kwa ajili gani? Akatabasamu, akasema, "Na mikutano ya siasa." Vijana wakaandika.

Saa mbili na nusu alikuwa ofisini, peke yake, mbele ya kompyuta, simu sikioni.

"Karibu huduma ya wateja, unaongea na Mehwish."

"Binti yangu, nina shughuli ya leo."

"Shughuli ya leo haiandikiki, mjomba. Lazima siku mbili kabla."

"Ni msiba."

"Pole sana, mjomba. Ila mngetoa taarifa mapema..." Mehwish akajisikia alichosema. "Samahani. Chagua 'Nyinginezo'. Halafu weka namba ya simu ya mteja, atatumiwa tarakimu za kuthibitisha."

"Mteja ndiye huyo marehemu."

"Basi mtu wa familia."

"Mwanawe. Haya. Bei naweka sifuri."

"Sifuri haikubali, mjomba. Kitu kisicho na bei, programu inahesabu hakipo."

"Hakipo vipi? Majamvi sitini! Nimeyakunja kwa mikono yangu!"

"Mimi nakuamini, mjomba. Wallahi nakuamini. Haya, weka rupia moja. Sasa imekwenda kuomba idhini ya makao makuu."

"Alhamdulillahi. Inarudi saa ngapi?"

"Wanaoidhinisha wanaingia Jumatatu."

Rafaqat alikata simu. Akampigia Haroon mara tatu, haikupokelewa. Akaitazama kompyuta kama anavyotazamwa mdogo wa mtu aliyeingizwa kazini kwa upendeleo. Zamani angetoa ufunguo mfukoni. Sasa mfukoni mlikuwa na kitambaa tu cha kufutia jasho.

Ndipo akaiona njia. Chini ya harusi moja ya siku hiyo hiyo, ya watu wenye nafasi zao kule mtaa wa Civil Lines, kulikuwa na kitufe kimoja kijani: Ongeza. Kwa sababu hata watu wa Lahore wanajua kwamba wageni wa harusi huzidi. Ila huongezi viti kumi au jamvi moja; unaongeza kifurushi kizima, na kifurushi hakivunjwi. Kilichochaguliwa na watu wa Civil Lines kilikuwa Kifurushi cha Dhahabu.

Karatasi iseme inachotaka, aliwaza, Pola nitamwambia kwa mdomo. Akabonyeza. Kwenye anwani akaandika uchochoro wake. Akampigia Pola, dereva aliyefanya naye kazi miaka kumi na mitano.

"Pola, mzee Inayat amefariki. Lete turubai jeupe, majamvi, viti, feni nne na masufuria mawili makubwa. Mengine yote yaache huko huko."

"Inna lillahi. Sawa, munshi."

Pola ni mtu wa kusema sawa.

Saa nne lori liliingia uchochoroni, na kwa mazoea tu, Pola akapiga honi yake ya harusi, ile ya kuimba.

Kilio ndani ya nyumba kilikatika. Watu walisimama. Juu ya lori lilining'inia turubai jekundu lenye vishada vya dhahabu. Nyuma yake tao la maua ya plastiki, na juu ya vyote, limefungwa kamba kama mfalme aliyetekwa, sofa la maharusi: jeupe, la watu wawili, mgongo wake umechongwa mkia wa tausi.

"Pola," Rafaqat alisema taratibu, "nilikwambia nini?"

"Munshi, usinile nyama. Kule baipasi siku hizi hakuna mambo ya kwa mdomo. Kila kitu kina kibandiko, kinamulikwa na taa nyekundu. Kimoja kikibaki, geti halifunguki. Nimewaambia ni msiba, nimewaapia. Wananiambia kifurushi hakivunjwi."

"Basi hilo sofa libaki juu huko huko."

"Lazima lishuke. Nilipige picha mahali pa shughuli, ndipo karatasi ifungwe. Isipofungwa wanalizima lori kutoka ofisini, na harusi yenyewe bado sijaipelekea kitu!"

Likashuka. Wanaume wanne walilibeba, nyuso zimeinama, wakaliegemeza kwenye ukuta wa nyumba ya msiba. Pola akarudi nyuma hatua tatu, akainua simu. "Jamani, samahani, sogeeni kidogo, mnatokea." Mtoto mmoja juu ya paa akacheka, akasikika akipigwa kofi.

Ghazanfar alitoka. Mikono ya kanzu yake ilikuwa imekunjwa mpaka juu na imelowa, maana alikuwa akimwosha baba yake. Aliliangalia sofa, akaliangalia tao. Wote walingoja apige kelele, na Rafaqat ndiye aliyengoja kuliko wote, alikuwa ameshajiweka tayari. Lakini Ghazanfar aliuliza kwa sauti ya chini tu:

"Rafaqat, baba yangu alikukosea nini?"

Rafaqat alitamani awe yeye anayeoshwa mle ndani.

"Nani anabishana huko?" Ilikuwa sauti ya Mama Sardaran, mjane, kutoka nyuma ya pazia la mlango. Sauti imekauka kwa kulia lakini haikutetemeka. "Kivuli kipo au hakipo?"

"Kipo, mama," mtu akajibu. "Ila ni chekundu. Cha harusi."

"Kina upande wa pili?"

Walitazamana.

"Basi kigeuzeni. Watu wanaungua."

Wakakigeuza. Kwa ndani turubai lilikuwa na bitana ya pamba, rangi ya chai ya maziwa, imechakaa na kutiwa viraka. Dhahabu yote ikaelekea mbinguni kuwapendeza kunguru. Majamvi yakatandikwa, feni zikawashwa, utepe wa waridi ukafunguliwa kwenye viti vyote mia moja, fundo moja baada ya jingine, na aliyefungua mengi kuliko wote ni Rafaqat, amechuchumaa. Tao walililaza chali nyuma ya choo cha msikiti. Sofa wakalifunika jamvi. Hakuna aliyethubutu kulikalia, mpaka alipokuja mzee Karam Din wa Daska, rafiki wa marehemu tangu utoto, magoti mabovu, hakuuliza, akajitupa juu yake. Likambonyea kama godoro. Mzee akabaki ameduwaa.

"Mimi harusi yangu nilikaa juu ya gunia," alisema. "Inayat, umekufa wewe, cheo nimepanda mimi."

Mtu mmoja akacheka, na kicheko chake chenyewe kikageuka kilio.

Masufuria mawili yaliingia kwa Shamshad na sahani zenye ukingo wa dhahabu. "Haya," alimwambia mumewe bila kumtazama, "sasa toka njiani."

Haroon alifika saa kumi na mbili kasoro, watu wakiwa ndio wanarudi kutoka makaburini. Kijana wa miaka thelathini, gari jeupe, jasho limemchora mstari mgongoni. Hakuwa mtu mbaya. Alimwendea Ghazanfar kwanza, akampa pole, akainua mikono akasoma Fatiha mpaka mwisho. Halafu akamvuta Rafaqat pembeni, ingawa uchochoro ule hauna pembeni; watu walikuwa wananawa mikono kwenye bomba hatua tatu kutoka pale, na wote walianza kunawa polepole.

"Munshi, umemwandikia bwana harusi wa watu gharama za maiti."

"Nimeandika nyongeza."

"Nyongeza! Baba wa bibi harusi amepata ujumbe kwenye simu. Ameongezewa laki na themanini elfu, kifurushi cha pili, na picha: sofa lake mbele ya watu wanaolia. Ananiuliza, kijana, mnanitoza au mnaniroga?"

"Ungepokea simu, bwana mdogo."

"Nilikuwa barabarani natoka Islamabad! Na ningepokea ningefanya nini? Hiyo programu siwezi kuifungua hata mimi. Nimejaribu njia nzima." Alijifuta uso kwa kiganja. "Matawi matano, programu moja. Nilichokilipia ni kwamba asiwepo mtu wa kuamua kwa kichwa chake. Ndiyo kazi yake."

"Baba yako alikuwa anaamua kwa kichwa chake," alisema Ghazanfar kutoka bombani.

"Baba yangu alikuwa na ghala moja, kaka. Na nusu ya majamvi yake hayakurudi."

"Kweli hayakurudi. Moja liko kwangu. Na ni nani mtaa huu amewahi kukodi kwa mtu mwingine? Novemba namwoza binti yangu. Niambie mwenyewe: nije kwako, au niende kwa wale wakodishaji wa Satellite Town?"

Haroon akamgeukia Rafaqat. "Kwa nini msiba haukutajwa? Wale vijana walikuja kwa ajili hiyo. Waliuliza kila kitu. Nani hakuutaja?"

Maji yalikuwa yanatiririka, hakuna aliyekuwa ananawa tena.

"Mimi," alisema Rafaqat. "Waliniuliza mimi."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa siku ya kufungua ofisi. Mama yako amekaa pale na tasbihi na sinia la peremende. Nitaje kifo?"

Haroon alimjua mama yake. Angemrushia munshi kiatu.

"Haya," alisema hatimaye, akatoa simu. "Sikiliza. Jina lako limefungwa tangu saa tisa, programu yenyewe imelifunga. Ili Jumatatu lifunguke, lazima tujaze sababu. Ziko tatu. Uzembe, wizi, ugonjwa."

"Ugonjwa?"

"Huo unahitaji cheti cha daktari cha leo."

"Uzembe je?"

"Unakatwa nusu mshahara, mwezi mmoja, unaendelea na kazi. Wizi usiniulize."

"Andika msiba."

"Haumo, Munshi!"

"Basi acha wazi."

"Haiachi wazi! Naibonyeza tangu Wazirabad, haiachi wazi!" Sauti ya Haroon ilipanda mpaka mzee Karam Din akazinduka juu ya sofa. Akaishusha. "Chagua uzembe, tumalize. Wewe unajua si uzembe, mimi najua si uzembe. Ni neno tu."

Asubuhi ile, saa moja na nusu, Rafaqat angelichagua bila kufikiri. Alikuwa na mwanawe Nimra chuoni, na ada ya muhula ilikuwa inadaiwa. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, na kazi nyingine aliyoijua ni kukunja turubai. Nusu mshahara ingeumiza lakini isingeua. Aliiangalia bitana yenye viraka juu ya vichwa vya watu.

"Si neno tu," alisema. "Uzembe ni kama ningewaacha juani. Uzembe nilifanya ile siku ya peremende, na huo hukuuliza. Wa leo sichagui."

"Munshi, Jumatatu hutaweza hata kuwasha kompyuta."

"Nimesikia."

"Utakaa nyumbani. Mwezi, miezi miwili, sijui. Sina pa kubonyeza nikusaidie, unanielewa? Sina."

"Nimekuelewa, bwana mdogo. Nitakaa nyumbani."

Simu ililia mkononi mwa Haroon, kale kamlio ka kudai sababu. Ghazanfar alifunga bomba, akajipangusa mikono kwenye kanzu, akapita katikati yao bila kumtazama Haroon. Alipofika kwa Rafaqat akamkamata kiwiko, akakibana, akaingia ndani ya nyumba ya Rafaqat kama aingiavyo kwake.

"Baba Nimra!" Shamshad alitokeza mlangoni, upawa mkononi, nywele zimemganda usoni kwa mvuke. "Watu wametoka makaburini, sufuria limeshafunuliwa, na wewe unafanya mkutano? Huyo unayemsimamisha juani ni nani?"

"Mwana wa Chaudhry Nazir."

"Amekula?"

"Shangazi, ahsante," Haroon aliwahi, "nina haraka, nasubiri watu wa Lahore wanipigie..."

"Sikuuliza unasubiri nani."

Haroon alimtazama Rafaqat, akaitazama simu, akaitazama mistari miwili ya viatu mlangoni. Simu ikalia tena. Rafaqat akamwekea mkono begani, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakumwita bwana mdogo.

"Iache ilie, mwanangu. Vua viatu. Ghazanfar, msogezee nafasi hapo. Ingia ule."